Vidonge vya Bafuni na Pua ya Mama

Chumba cha mbele,
kwenye meza ya kukatia nguo.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

U hali gani huko, mdogo wangu? Lile jino umeling'oa, au bado unatafunia upande mmoja? Na baridi je, imepungua? Mimi ni mzima, mgongo tu unalalamika kwa kuinamia cherehani. Mjomba naye hajambo, anadai amepungua uzito ila mkanda wake unakataa. Habari za mama nitakupa taratibu, kwa hiyo usiruke mistari kama ulivyozoea. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kuta za nyumba hii ni nyembamba na masikio ya mama ni mazima kabisa.

Kifurushi chako kilifika Jumatatu ya wiki juzi. Asante sana. Tulikifungua watatu hapa mezani, tukakuta vidonge kumi na viwili, kila kimoja na ukubwa wa kisabuni cha hotelini, na karatasi ya maelezo kwa lugha ya huko ambayo hakuna anayeijua. Picha tu ndizo zilizotusaidia: vingine vina jani la mkaratusi, vingine chungwa. Mjomba, ambaye neno "sijui" halimtoki kinywani, akasema ni vitamini vya kuyeyusha. Akatia kimoja kwenye glasi, kikafoka povu, akapiga funda moja kubwa. Alicheua mkaratusi mpaka jioni, na hataki mtu amkumbushe.

Kesho yake ulipopiga simu ukasema ni vya bafuni, mtandao ukakatika kabla sijauliza vinawekwa wapi. Unanijua, kitu nisichokielewa kinaninyima raha. Cha kwanza nilikitumbukiza kwenye ndoo, kikachemka na kuisha kabla sijavua kandambili. Cha pili nilikiweka sakafuni, chini kabisa ya bomba la mvua. Dakika mbili tu, kikaenda zake na maji. Cha tatu nikakiweka pembeni, kule ukutani yanakofika matone peke yake, nikafungulia maji ya moto na kufunga dirisha. Hapo sasa. Mvuke ukapanda, harufu ikajaa, kifua kikafunguka, nikakaa humo mpaka mjomba akagonga mlango kuuliza kama nimehamia. Halafu nikagundua kwamba kwa maji baridi hakinukii hivyo hata kidogo. Kwa nini? Hebu nieleze wewe uliyesoma.

Siku iliyofuata nikamwekea mama cha mkaratusi. Nyumba nzima ilinuka, mjomba sebuleni alikuwa anapiga chafya. Mama akatoka na taulo begani, nikamuuliza amekionaje. Akasema hilo chungwa linanukia vizuri kweli.

Moyo haukutulia. Nikaanza kukumbuka mambo. Ile kola ya shati la mwalimu mkuu aliyoiunguza mwezi wa tatu, yeye ambaye kwa miaka thelathini ya udobi hajaunguza hata leso. Aliilaumu pasi, fundi umeme akaifungua na kuikuta nzima. Maziwa yaliyoungulia jikoni naye amesimama hapo hapo. Na siku niliyorudi kutoka kununua uzi nikakuta jiko la gesi limefunguliwa, moto hakuna, naye anakunja mashuka chumba cha pili kama kawaida. Mimi na mjomba tulisema ni uzee, anasahau.

Basi kesho yake nikafanya jambo ambalo silionei fahari. Nilimwambia nimemwekea kingine, na sikuweka kitu. Akaoga, akatoka, akasema cha leo kimevizidi vyote.

Nikamkalisha kwenye kigoda karibu na meza ya pasi, nikamweleza kwamba bafuni hamkuwa na kidonge. Akatazama mikono yake. Kisha akasema, "Tangu yale mafua ya mwezi wa pili, mwanangu. Sisikii harufu ya kitu chochote. Pasi naipiga kwa kubahatisha."

Alificha kwa sababu, anasema, dobi asiyejua nguo inapoanza kuungua nani atampa nguo zake? Akaniapisha nisikuambie wewe hasa. Ulivituma kwa mapenzi, naye alitaka upate habari kwamba vinanukia. Kiapo nimekivunja. Nililia kidogo kwanza, ndipo nikachukua kalamu.

Daktari wa pua alimwona Jumatatu iliyopita. Anasema harufu huenda ikarudi, huenda isirudi. Ila amemwambia aizoeze pua, anuse vitu vile vile kila asubuhi bila kukata tamaa. Kwa hiyo vidonge vyako sasa vimekuwa dawa. Vilivyobaki nimevikata nusu nusu kwa kisu, namwekea, nasimama nje ya mlango kuuliza. Cha chungwa, hakuna kitu. Cha mkaratusi anasema hasikii harufu, ila kuna kibaridi kinapita puani. Hicho kibaridi ndicho kinachoninyima usingizi. Ni harufu inaanza kurudi, au ni kitu kingine? Daktari nilimpigia simu, anasema ni kitu kingine, ni ngozi ya ndani ya pua inayohisi ubaridi tu. Mimi bado sijakubali.

Mtungi wa gesi mjomba ameutoa nje, na siku hizi anapika yeye, tuombee. Kazi nayo tunaifanya hivi: mama anapiga pasi, mimi nashona hatua mbili kutoka kwake, pua juu. Nikisikia wanga wa nguo umeanza kushika moto namwambia, "Mama, inua." Anainua. Tangu tuanze hatujaunguza kitu.

Lililonifanya niandike leo ni lingine. Unalikumbuka sweta lako la kijivu uliloliacha kwenye kiti siku ya safari? Limo kwenye droo ya chini, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, mwaka wa nne huu. Niliwahi kutaka kulifua akaninyang'anya. Nikashangaa, dobi anayefua nguo za mtaa mzima, nguo moja anaiacha na jasho lake. Sasa kila akitoka bafuni anafungua ule mfuko, anaingiza uso, kisha anafunga.

Jana alinipa mimi. Akauliza, "Bado lina harufu yake?"

Nikanusa. Mdogo wangu, lilinukia plastiki, na mkaratusi kidogo wa mikononi mwake. Harufu yako haimo tena. Nikamwambia ndiyo, ipo vile vile.

Kwa hiyo vidonge vinatosha, usitume tena. Tuma sweta jingine, ulilovaa wiki nzima, na usilifue. Au likizo ikipatikana, njoo umelivaa mwenyewe, ukae karibu naye. Labda pua yake itakutambua wewe kabla ya chungwa.

Msalimie sana shemeji, na wanao wote wawili, hasa yule mdogo mwenye maswali kama yangu. Mjomba anasema ukija umletee mkanda mrefu. Mungu akutunze, akufungulie njia ya kurudi nyumbani tukiwa wote wazima.

Wako akupendaye,
Dada yako, ambaye kwa sasa ndiye pua ya nyumba