Asubuhi Saba za Kipimajoto

Jumatatu, 3 Juni 1996
36.8 tena. Nimeandika nyuma ya daftari la maandalio ya masomo. Daktari wa zahanati anataka asubuhi saba, kipimajoto kwapani, dakika kumi. Joto likiwa chini, ataniandikia rufaa nikapimwe damu Mwanza. Anahisi tezi ya shingoni imezubaa. Nanenepa bila kula, nywele zinakatika, mimba mbili zimetoka. Kipimajoto nimenunua duka jipya la mtu binafsi. Siku hizi Bariadi kinauzwa kila kitu.

Masanja, mume wangu, anasema ni uvivu. Mama yake anasonya tu.

Jumanne, 4 Juni
Daktari kauliza napimaje. Nikasema: naamka, nawasha moto, nampigia mama mkwe magoti, namwamkia, kisha nakaa jikoni napima. Akacheka. Nimepima moto wa kuni. Inatakiwa kabla ya kuinuka, hata mguu usiguse chini. Nianze upya.

Mwalimu mzima. Aibu naisikia kwa mbali, kama ya mtu mwingine.

Jumatano, 5 Juni
35.6. Mama mkwe kaamka kabla yangu. Mkamwana kulala mkwe akiwasha moto, hapa kwetu ni tusi. Alivunja kuni kwa kishindo, nisikie.

Ijumaa, 7 Juni
35.5, jana na leo. Nilimweleza mama mkwe. Akamwambia Masanja: "Kijiti cha kioo ndicho kinamkataza kuamka?"
Masanja kasema ikifika Jumatatu bado nalala, ananirudisha kwetu Mwanhuzi.
Sikulia. Kulia nako kunataka nguvu.

Jumapili, 9 Juni
35.4. Zimebaki mbili. Bila saba hakuna rufaa.
Baada ya kanisa tulichambua pamba, mimi na mama mkwe. Jua kali. Vidole vyetu vikagusana kikapuni. Akanishika mkono, hakuuachia haraka. Akavuta khanga, akafunika shingo yake. Ana rovu, uvimbe wa tezi ya shingo, la siku nyingi, halizungumzwi.

Jumatatu, 10 Juni
Nililala. Masanja alikwishatoa baiskeli nje, nikasikia anafunga kamba kwenye keria. Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe. Nikataka kushuka nipige magoti, akanizuia begani.
"Mwangaluka," akaniamkia kwa Kisukuma. Yeye kwanza. Kwa mkamwana aliyelala.
"Mwangaluka, mayu."
"Lala. Moto nimewasha. Masanja nimemwambia arudishe baiskeli."
35.4.

Jumanne, 11 Juni
35.5. Saba zimetimia. Daktari kaandika rufaa, naondoka Alhamisi. Sijui kama nimefurahi. Karatasi iko ndani ya Biblia.

Jioni mama mkwe kaja na kiti chake, kakaa karibu. Kaniambia tangu aolewe hajawahi kulala jua likichomoza, na kila siku ameamka amechoka. Kisha akaomba kipimajoto.

Nimemwonyesha pa kukiweka. Kesho nawasha moto mimi.