Mama Mkwe na Drama ya Mwezi

Jumapili, 2 Februari

Kanisa, chai, usingizi kidogo, halafu televisheni. Ndiyo Jumapili yangu. Mwili wa mtu wa kisiagi, wa kusagia watu unga, unadai kochi angalau siku moja kwa wiki. Wiki hii kochi lina masharti. Mama mkwe yuko jikoni.

Ndunge alimleta Alhamisi kutoka Kwa Vonza. Miguu imevimba, presha iko juu. Hapa Nunguni kliniki iko karibu, na Ndunge ndiye binti yake wa pekee. Sina neno. Mke wangu ana haki ya kumtunza mamake, na chumba cha nje kilikuwa kitupu. Lakini kwetu Wakamba nthoni ni nthoni. Mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawasemeshani. Baba yangu aliishi hivyo na mimi nimeishi hivyo tangu nioe. Sasa sebule na jikoni vimepakana, na mlango wa katikati ni pazia.

Drama mpya imeanza leo. Historia ya watu kwenda mwezini, sehemu moja kila Jumapili jioni, Kizungu cha puani. Roketi za kwanza zinapasuka zote. Tamu kabisa. Ndunge akasema si tumwite mama naye aone. Nikasema sitaki kusikia. Akanuna. Mimi pia nikanuna.

Jumatano, 5 Februari

Nimekohoa mpaka koo linauma. Nikitoka chumbani nakohoa. Nikienda choo nakohoa. Ndiyo ajue napita. Hata hivyo tumekutana kwenye tangi la maji. Yeye akageukia kabichi na kuvuta leso usoni. Mimi nikamwangalia mbuzi. Mbuzi akaniangalia. Mzee mzima.

Mchungaji anasema mambo haya yamepitwa na wakati, sisi sote ni watoto wa Mungu. Mama mkwe wake yuko Mwingi, wanaonana Krismasi kwa Krismasi. Rahisi kusema.

Jumapili, 9 Februari

Leo ilikuwa ya mbwa. Warusi walimpeleka mbwa juu kabla ya kupeleka mtu. Ndunge alikaa mlangoni, nusu kwangu nusu jikoni, akimtafsiria mamake kwa Kikamba. Anatafsiri vibaya huyo! Akamwambia mbwa alirudi salama. Nikavumilia, nikavumilia, nikashindwa. Nikauambia ukuta kwa sauti: mbwa alikufa, na hawakuwa wamepanga arudi.

Halafu mama: "Ndunge, mwulize mwenye nyumba, walijua tangu mwanzo?"

Ndunge akaniuliza kana kwamba sikusikia. Nikaujibu ukuta. Walijua. Mama akasema ai, hao ni watu wa aina gani.

Basi nimeongea na ukuta mpaka mwisho. Kisiagi kimenizoesha kupiga kelele, pazia si kitu.

Jumatatu, 10 Februari

Mteja ameniuliza nacheka nini peke yangu. Nilikuwa nawaza namna ya kueleza vile roketi inaangusha vipande vyake njiani. Kama mtu anayemenya hindi huku akitembea. Atanielewa.

Jumapili, 16 Februari

Vijana watatu wameungua ndani ya chombo kikiwa bado chini, kwenye mazoezi. Mlango haukufunguka. Nilieleza polepole. Nyuma ya pazia mama akaanza kuomba. Akawaombea wajane na watoto kana kwamba ajali imetokea jana barabarani pale mjini Salama. Nikanyamazisha televisheni mpaka akamaliza. Nikasema amina.

Ana maswali mazuri huyu mama. Nani alienda kuwaambia wake zao. Fundi gani anaweka mlango wa kufungukia ndani. Mimi na elimu yangu ya Fomu Foo sikuwa nimefikiria hilo. Yote yanapitia kwa Ndunge, mwambie, mwulize. Ndunge amechoka, anasema yeye si waya wa simu na sisi wawili tunasikiana vizuri kabisa. Kweli tunasikiana.

Nimekuwa na furaha leo. Ajabu kuiandika.

Alhamisi, 20 Februari

Kliniki. Presha haijashuka. Apunguze chumvi, apumzike. Mama ana haraka ya kurudi kwake, ana kuku na ndengu hazijapurwa. Lakini amemwambia Ndunge haondoki kabla hajaona mtu akikanyaga mwezi. Kusikia amesikia vya kutosha. Anataka kuona.

Ndunge ameniomba vizuri. Siku ya kukanyaga, mama akae sebuleni, kwenye kochi, kama mtu. Nikasema tutaona. Ndunge anaijua hiyo "tutaona" yangu. Akaendelea kukatakata sukuma wiki bila kuniangalia.

Jumapili, 23 Februari

Sijui nianzie wapi.

Watatu wamefika kule. Wawili wakaingia kwenye chombo kidogo wakajitenga ili washuke. Mmoja akabaki kwenye kile kikubwa, kazi yake kuzunguka tu. Hapo ndipo mvua ikashuka bila kubisha, na Ndunge akatoka mbio kuanua mahindi. Nikaendelea kueleza, ukuta ulikuwa umezoea. Nikafika kwa yule mmoja.

Mama akaongea. Si kwa Ndunge. Kwangu.

"Mwanangu, na huyu aliyeachwa peke yake, watarudi kumchukua?"

Mwanangu. Miaka yote hii hajawahi kuniita kitu chochote.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Ndiyo mama, watarudi. Nikafunga mdomo kama mtu aliyesimamishwa na polisi. Halafu nikafanya mbaya zaidi. Nikachukua rimoti nikaongeza sauti. Nikasikia kigoda chake kikiburutwa, na mlango wa nje. Alitoka nje kwenye mvua.

Ndunge aliporudi amelowa, akauliza mbona kelele hivi, mama yuko wapi. Nikasema sijui.

Jumanne, 25 Februari

Sikukasirika. Naandika ili niione kwa macho yangu. Sikukasirika hata kidogo.

Niliona aibu, na si kwa sababu amevunja mwiko. Niliona aibu kwa sababu nilipenda. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa shule ya msingi. Mtu ana mvi, ana wajukuu, anaitwa mwanangu na mwanamke aliyekaa kwenye kigoda jikoni, na anatamani aitwe tena. Ningejibu, angenisikia sauti ikitetemeka. Basi nikaongeza sauti ya televisheni. Mjinga wa mwisho.

Tangu siku hiyo anajificha kuliko mwanzo. Nikikohoa langoni, yeye yuko chumbani na mlango umefungwa. Chakula anarudisha nusu.

Nimepata dawa. Jumapili nitawaachia nyumba. Nitasema naenda Salama kutafuta mkanda wa kisiagi. Mama akae kochini aone mtu akikanyaga mwezi bila mimi kumbana. Hiyo ni heshima pia. Ndunge sijamwambia lile swali. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 2 Machi

Nani ananunua mkanda wa kisiagi Jumapili? Ndunge aliniangalia tu.

Salama nikaingia hoteli moja, chapati na maharagwe. Televisheni ilikuwepo, mpira. Saa ilipofika nikaomba wabadilishe, kuna watu wanashuka mwezini. Hoteli nzima ikacheka. Mmoja akaniuliza nina ndugu kule. Nikala chapati yangu.

Nimerudi na pikipiki, baridi ya Nunguni ikanipiga kifuani. Sebule ilikuwa giza. Nikadhani wamemaliza mapema. Ndunge alikuwa jikoni peke yake.

Anasema alimkalisha mama kwenye kochi. Mama akakaa ukingoni, mikono magotini, kama mgeni. Drama ikaanza. Akauliza mwenye nyumba yuko wapi. Ndunge akasema Salama. Akauliza, Salama kufanya nini siku ya Bwana. Basi mama akasema zima. Ndunge akamwambia mama, ndiyo hii sasa, wanashuka. Mama akasema zima, mwanangu. Akaenda kulala bila kula.

Hakuona. Na mimi sikuona. Nimempa kochi, nikamnyima kila kitu kingine.

Jumatatu, 3 Machi

Amefunga mizigo. Alimwambia Ndunge kwamba yeye mama amemvunjia mwenye nyumba heshima mpaka mtu wa watu akakimbia nyumba yake mwenyewe. Ndunge akaja kisiagini unga ukiwa bado hewani: ulimfanya nini mama? Nikasema sikumfanya kitu. Ni kweli. Ndilo kosa.

Mutua, kaka yake Ndunge, akaja na gari kumchukua. Nililisikia likipita barabarani. Mashine ilikuwa na mahindi ya watu ndani. Ningeizima. Huzimwa kila siku mkanda ukiteleza. Sikuizima, nikasimama hapo nikishika gunia mpaka gari likapotea.

Jumamosi, 8 Machi

Nimewaza simu. Simu haina uso, nthoni itakaa wapi? Namba yake ninayo. Nikabonyeza. Ikaita. Nikakata.

Nitasema nini? Mama, habari za kuku, yule wa juu walirudi wakamchukua? Wiki mbili baadaye? Atadhani nimerukwa na akili.

Kesho nitapiga, baada ya kanisa.

Jumapili, 9 Machi

Stima imepotea tangu asubuhi. Simu haina chaji. Nimekubali haraka sana kwamba simu haina chaji. Kisiagi cha jirani kina jenereta.

Alhamisi, 13 Machi

Mutua amepiga. Mama ameanguka uani akipura ndengu. Hawakufika naye hospitali.

Mama ametuacha.

Ndunge amekaa chini jikoni, miguu ameinyoosha, kitambaa mkononi. Nikakaa chini karibu naye. Nikamwambia yote. Swali, rimoti, Salama. Nilidhani atanipigia kelele. Akasema, "Si ungemjibu tu."

Afadhali angepiga kelele.

Ijumaa, 21 Machi

Kesho ndiyo mazishi. Nimepiga pasi suti. Ndunge hanisemeshi vibaya, ananisemesha vizuri kama mgeni. Nimekula kidogo.

Jumapili, 23 Machi

Tumemzika jana. Jua la Kwa Vonza halina huruma, lakini watu walijaa. Kwaya iliimba vizuri. Mimi kama mkwe nilikuwa na kazi yangu: hema, maji, viti. Nilishukuru kuwa na kazi. Watu walipopanga foleni kumuaga mama kwa mara ya mwisho, nami nikapanga. Nilipofika nikaangalia chini kwa mazoea. Nikaona viatu vyangu vyenye vumbi. Nikapita.

Jioni watu wakaenda, tukabaki mimi na Mutua tukipanga viti vya plastiki kimoja juu ya kingine. Mutua akawa anacheka peke yake, vile mtu hucheka baada ya kulia siku nyingi. Akasema Ndunge amemwambia mama alikuwa anafuata drama ya mwezi kwetu. Akasema mama na ule mwezi wake! Alisikia habari yenyewe kwa redio ya mwalimu akiwa msichana, na hakuisahau tena. Kila jioni, wao wakiwa wadogo, ugali ukichelewa kuiva, anawasimulia. Wawili wanashuka, mmoja anabaki juu anazunguka. Wale wawili wakimaliza wanapanda, wanamkuta pale pale anawangoja, wanarudi nyumbani wote watatu. Mutua anaijua kwa moyo. Ndunge alizaliwa wa mwisho, wakati huo mama alikuwa ameacha kusimulia.

Nikashika kiti sikukiweka.

Alijua. Tangu mwanzo alijua kwamba walirudi. Hakuwa anauliza habari za mwezi. Alikuwa ananisemesha.

Mutua akaniuliza kama nasi alitusimulia. Nikamwambia hapana, mimi aliniuliza. Akangoja niendelee. Akanyoosha mkono nikampa kiti, akakipanga juu ya vingine. Vilikuwa bado vingi, na giza lilikuwa linaingia, tukaendelea.