Kitufe Nilichokiita "Futa"

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na uniwie radhi nikiandika ovyo maana nimechoka hadi macho. Kazi yangu ni kutafsiri maneno ya programu za simu, naletewa orodha ya maneno mia nne bila picha hata moja, sijui lipi ni kitufe lipi ni kichwa cha ukurasa, nikimuuliza bosi ananijibu, "Dada, si maneno tu hayo, maliza," basi nikamaliza, na neno la kuachana na swali, yaani kurudi bila kubadili kitu, nikaliandika "Futa", nisijue litakaa chini ya swali "Unataka kufuta miadi yako?" Mama mkwe wangu alikuwa na miadi ya kupasuliwa jicho, ameingoja miezi mitano, akafungua programu ya hospitali, ile ile niliyoitafsiri, ahakikishe tarehe tu, kidole kikateleza, swali likatokea na vitufe viwili, "Futa" na "Sawa", naye kwa kuogopa kufuta akabonyeza "Sawa", miadi ikafutika. Sasa simu haishiki tena, anasema uzee umemharibu akili, kila tukikutana jikoni ananiambia, "Nisamehe mwanangu, nimewasumbua," nami najibu, "Hamna neno, mama." Mume wangu hajui. Nikisema wataniona adui, nikinyamaza mama anaendelea kujilaumu. Nifanyeje?

Mfasiri Hoi

Mfasiri,

Pole. Kutafsiri bila kuona ukurasa ni kushona umefungwa macho, na bosi wako ana lake la kujibu. Lakini usijifiche nyuma yake. Uliingiwa na shaka, ukauliza, ukajibiwa ovyo, ukaona yaishe. Hata mimi nimewahi kufanya kazi hivyo, ili siku ipite tu.

Kitufe hakikuniudhi. Kilichoniudhi ni mama mtu mzima kukuomba radhi kwa kosa lako, nawe ukaipokea. Hakutaka kufuta, akalikwepa neno "Futa". Ulitaka awe na akili gani zaidi ya hiyo?

Leo hii mwandikie bosi: hapo paandikwe "Rudi" na "Ndiyo, futa miadi", maana kuna wagonjwa wengine wanabonyeza sasa hivi. Kisha mwite mumeo, mkae na mama, useme: "Mama, hukukosea. Neno lile niliandika mimi." Ukishasema, nyamaza. Usimtaje bosi, usitaje uchovu. Akikugombeza, sikiliza mpaka amalize.

Kesho asubuhi mpeleke hospitali mkaombe miadi upya. Dirishani eleza kosa ni la nani, kwa sauti, yeye akisikia.