Kobe wa Babu na Mnyamwezi wa Uani

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Katika mafundi wote wa Dar es Salaam, wa kwanza ni mimi Kassimu, wa pili mama yake bado hajaolewa. Na shule niliacha kidato cha pili. Ningemaliza, saa hizi ningekuwa natengeneza ndege.

Leo tena msasa. Kava za simu nimeuza mpaka saa nane, nikakunja meza, nikarudi uani kwa Kobe. Mlango wa kushoto umeisha. Unang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Kesho wa kulia.

Kobe ni gari la babu. Mgongo wake wa duara ndio uliompa jina. Ana umri mkubwa kuliko mama yangu. Babu alikuwa akibebea samaki kutoka Feri, buti ikaliwa na maji ya barafu na chumvi, na siku za jua kali bado inanuka pweza. Amekaa hapa uani kwetu Gerezani tangu sijazaliwa. Kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma, vifaranga wakakua, nao wakataga humo humo.

Dada Zuhura anaolewa tarehe 23. Babu kasema atatoka nyumba hii ndani ya Kobe, kama bibi alivyoingia ndani ya Kobe. Usukani atashika nani? Swali gani hilo.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Babu kamwita Maganga. Huyu ni mpangaji wetu wa chumba cha uani, Mnyamwezi, anatengeneza umeme wa magari gereji ya mtaa wa pili. Babu ana mtoto wa jicho macho yote, anaona mwanga na vivuli tu. Kamwambia, "Fundi, hebu msaidie huyu mtoto."

Fundi! Miezi mitano nakwangua kutu. Vidole vimefutika alama, hata simu yangu hainitambui. Halafu mimi ni huyu mtoto.

Maganga kaniuliza nimefikia wapi na injini. Nikajibu natafuta rejeta. Kweli nilikuwa naitafuta, siku ya pili hiyo. Nilifungua mbele nikakuta buti, nikasema labda wameificha chini. Kumbe gari hili injini yake iko nyuma na inapozwa na upepo. Maji haliyajui. Maganga kacheka mpaka kakaa kwenye ndoo. "Mzaramo, wewe nenda kacheze mdundiko, gari niachie." Nikamwambia babu yake aliingia mji huu kwa miguu, na mzigo wa watu kichwani. Babu akacheka, mama akacheka jikoni. Wanyamwezi na sisi Wazaramo ni watani, na mtani hakasirikiwi.

Nimekasirika.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Maganga kampeleka babu msikitini. Kazi ile ni yangu tangu macho yake yaanze ukungu. Natoka bafuni, wameshafika kona. Babu kamshika bega. Sawa, bega langu liko chini kidogo. Lakini babu alishalizoea.

Nimeswali safu ya nyuma peke yangu. Sijui hata nimeomba nini.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Sakafu imechomelewa. Nimepaka puti buti yote, nikapiga msasa wa maji, sasa laini kama shavu la mtoto. Maganga kakaa tu anachokonoa nyaya. Anakunywa chai ya mama yangu kwenye kikombe changu.

Kikombe changu.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Tatizo limejulikana. Rota ilikuwa imekufa. Rota ni kidude cheusi, kidogo, unaweza kukificha kwenye kiganja. Kinazunguka ndani ya kifuniko na kugawa moto kwenye plagi. Bila hicho stata itaimba mpaka kesho, gari haliwaki.

Maganga kazunguka Gerezani nzima siku tatu. Kaipata moja kwa mzee wa vyuma chakavu, ndani ya kopo la maziwa, chini ya misumari. Mzee kaapa hana nyingine na hajui mwenye nyingine. Babu akaipapasa kama tende ya kufuturu. Akasema, "Fundi, Mungu akuweke."

Mimi leo nimepaka rangi mkono wa pili. Rangi ya maziwa, kama ya zamani. Babu hawezi kuiona. Hilo nalo ni kosa langu?

Jumamosi, tarehe 16 Agosti

Kobe amewaka.

Babu hakuwepo, na ni kwa amri yake. Alisema hataki kulisikia gari lake likikohoa juu ya mawe. Mlio wa kwanza atakaousikia uwe wa siku linamtoa Zuhura, mtaani, na yeye ndani, kiti cha mbele. Kwa hiyo Zuhura kampeleka kwa shangazi Kigamboni tangu asubuhi, na sisi tukajaribu.

Mara ya kwanza pu! moshi. Mara ya pili likashika. Taka taka taka, kama cherehani ya jitu. Mama akapiga vigelegele na mwiko mkononi. Majirani wakajaa getini. Hongera fundi, hongera fundi. Mikono yote kwa Maganga. Mimi nimesimama pale, nywele zimejaa vumbi la puti kama mzimu. Jamani, hiyo rangi imejipaka?

Namwonea wivu. Nimeandika. Basi.

Jumatatu, tarehe 18 Agosti

Babu katoa hukumu baada ya chakula cha mchana. Maganga ataendesha, maana yeye ndiye anayelijua gari likizima njiani. Kampa ufunguo mbele yangu.

"Na mimi, babu?"

"Wewe kaa nyuma, umshikie dada yako shela."

Shela! Mimi! Leseni ninayo, bajaji nimeendesha mwaka mzima na nikagonga mara moja tu, tena mbuzi, tena yeye ndiye mwenye makosa. Maganga akanikonyeza. "Shikilia vizuri, Mzaramo, lisije likaingia kwenye tairi." Wote wakaangua kicheko.

Usiku sikula ugali. Hakuna aliyegundua. Maganga kaumaliza.

Alhamisi, tarehe 21 Agosti

Jaribio la mwisho. Babu kapelekwa msikitini adhuhuri ili asisikie. Nani kampeleka? Mimi. Wakitaka tuwe mbali, kazi yangu inarudi.

Nimeambiwa linawaka mara moja. Halitaguswa tena mpaka Jumamosi, maana babu hatatoka tena ila kwa swala ya Ijumaa, na huko tunakwenda wote.

Ijumaa, tarehe 22 Agosti

Nimefanya jambo.

Wanaume wako swala ya Ijumaa. Nilisema tumbo linauma. Wanawake wako ndani, wanampaka Zuhura hina. Nikafungua nyuma, nikabinua kifuniko, nikatoa rota. Nikarudisha kifuniko kama kilivyokuwa. Mpango huu hapa. Kesho bibi harusi amekaa, tarumbeta tayari, Maganga anapiga stata, inaimba tu. Anapiga tena, inaimba tu. Jasho linamtoka. Halafu mimi: nipisheni. Nainama nyuma dakika moja, naiweka, nafunga. Kobe anawaka. Babu anauliza nani huyo. Wanasema Kassimu. Babu anasema, ufunguo apewe Kassimu.

Siyo wizi. Gari letu, rota yetu. Iko mfuko wa nyuma wa suruali, itakaa chini ya kanzu.

Akili hii sikufundishwa shuleni.

Jumamosi, tarehe 23 Agosti

Zuhura ameolewa. Leo siandiki.

Jumapili, tarehe 24 Agosti

Mtaa mzima wanasema haijawahi kutokea harusi kama ile. Naandika ilivyokuwa.

Nikaha ilikuwa baada ya alasiri, barazani kwetu. Nimepangwa na wajomba kwenye lile benchi la saruji. Nilipokaa nikasikia kitu kimelia chini yangu, ka! Nikadhani chanuo.

Zuhura akatolewa, akaingizwa nyuma na shangazi. Babu kanzu mpya, kakaa mbele, viganja viwili kwenye dashibodi ili aupate mtetemo. Tarumbeta zimejipanga. Maganga akapiga stata, ikaimba tu. Akapiga tena, ikaimba tu. Jasho likamtoka, kama nilivyoandika. Nikafurahi. Naandika ukweli, nilifurahi.

Nikapandisha kanzu, nikasema kwa sauti, "Nipisheni, niwaonyeshe kazi!" Nikaenda nyuma. Nikatia mkono mfukoni.

Vipande viwili.

Nimesimama pale na mkono mfukoni. Maganga akaja, akabinua kifuniko, akaona hamna kitu. Akautazama mkono wangu. Akanitazama usoni. Watu wanauliza kuna nini, kuna nini, mjomba Salehe anakuja na fimbo yake. Nikajua nimekwisha, mbele ya wakwe.

Maganga akafunga kifuniko. Akapanda juu ya kizingiti, akapaza sauti, "Enyi Wazaramo! Mimi mtani wenu! Mlidhani bibi harusi atatoka bure? Rota ninayo mimi!"

Mtaa ukapasuka kwa kicheko. Vigelegele. Mjomba Salehe akatupa fimbo, akacheka mpaka kofia ikaanguka, akaagiza mtani alipwe. Mama akaja na jogoo mweupe kafungwa miguu. Maganga akampokea, akamtia kwapani, akasema amesamehe, ila kwa bahati mbaya amesahau alikoiweka. "Sukumeni! Leo wapagazi ni nyie!"

Wakasukuma. Wajomba, mashemeji, wauza kahawa, na kanzu zao. Tarumbeta mbele. Maganga akanifungulia mlango wa dereva, akanitia ufunguo mkononi. Kasema kwa sauti ya chini, "Shika usukani. Si ndio ulikuwa unautaka?"

Nimeushika. Nimekata kona mbili, mtaa wetu na unaofuata, mpaka pale teksi ilipomchukua Zuhura. Watu wanapiga makofi, watu wananirekodi na simu. Kila nilichoota, isipokuwa gari limekufa.

Babu mikono yake haikutoka kwenye dashibodi. Kwenye kona ya pili akanisogelea. Haoni, na mtu aliyemwacha kwenye usukani ni Maganga. Akasema taratibu, "Fundi, mbona haliungurumi?"

Fundi. Kaniita mimi.

Nikanyoosha usukani kuelekea teksi.

Jumatatu, tarehe 25 Agosti

Zuhura na mumewe wamepanda basi la Mtwara asubuhi. Kalia. Nimembebea begi.

Jumanne, tarehe 26 Agosti

Kava nimeuza vizuri. Nimerudi mapema.

Maganga asubuhi kapita tena kwa wazee wa vyuma kutafuta rota nyingine. Hajanisema kwa mtu yeyote. Mchana nilimpelekea vile vipande viwili. Akavitazama, akasema gundi haishiki kwenye kitu kinachopitisha moto. Akanirudishia. Nikasubiri anitukane. Akaniambia jogoo alikuwa mgumu, amemchemsha saa tatu.

Chai yake nimempelekea kwenye kikombe changu.

Babu ameomba nimkalishe ndani ya Kobe. Nimempeleka mimi, kashika bega langu. Kakaa palepale mbele, kapitisha kiganja kwenye mlango wa kushoto, juu mpaka chini, mara mbili. Kasema, "Hii imepigwa msasa na mtu mwenye subira." Halafu kacheka, kasema mtani wetu mbaya, ametupata kweli, lakini utani ni utani. Siku bibi alipoletwa, kasema, gari liliunguruma hivi mpaka kikombe kilicheza mezani kwa jirani. Alitaka mara moja tu nyingine. Haidhuru.

Nilikuwa nimekaa kwenye usukani. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Nikuletee maji, babu?"

Yuko humo bado. Namwona kutoka hapa dirishani.

Kobe hakuwa na ubovu wowote. Rota niliitoa mimi kwa sababu ya wivu. Mlio aliousubiri babu, niliukalia mimi.