Viatu Vyako Kwenye Picha

Kibanda cha Viatu,
Nyuma ya Posta.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Mapengo,

Hujambo huko uliko? Baridi imepungua, au bado unalala na soksi? Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Mama goti linamsumbua asubuhi, likishapata jua linanyamaza. Mimi mgongo ni uleule, wa mtu anayeshinda ameinamia viatu vya watu. Usiseme nimeanza kulalamika kabla sijamaliza salamu. Ndivyo nilivyo, na wewe unanijua.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu nimejaribu. Kila nikikaribia jambo lenyewe unanitania, nacheka, salio linakwisha. Barua huwezi kuikatiza.

Picha yako ilifika. Mama ameipeleka studio ikachapwa kubwa, imetundikwa sebuleni juu ya redio, pembeni ya ile ya baba. Kila anayeingia anaoneshwa. Wanasema umenawiri, mashavu yamejaa, ughaibuni kumekukubali. Mama anacheka mpaka anashika mbavu. Mimi nilitabasamu nao, na walipoondoka nikaishusha picha nikaenda nayo dirishani kwenye mwanga.

Unaukumbuka mwaka wa mwisho wa baba. Hata yeye tulimwambia amenawiri. Uso ulimjaa, tukafurahi kwamba kustaafu kumemfaa. Viatu vikaanza kumbana, akaniletea nimpanulie. Nikampanulia, akarudi, nikampanulia tena, mwishowe nikapasua pembeni na kutia kiraka. Nilikuwa nalaumu ngozi. Nilimwambia imesinyaa kwa mvua, eti aache kuvisahau viatu barazani. Fundi mzima, naangalia kiatu, mguu siuoni. Tulipofika hospitali figo zilikuwa zimeshachoka, na yaliyofuata ulikuwepo, sina haja ya kuyarudia.

Basi nikakata shauri kwamba kabla sijakuambia wewe ukapime, nipime mimi kwanza. Sisi ni damu moja, na kwa huu mgongo nimekuwa nikimeza vidonge vya maumivu kama karanga. Nikaenda kwenye maabara binafsi, ile ya juu ya duka la simu. Barua ya daktari hawakudai. Unaingia, unasema unataka kupima figo, unalipa, unakaa kwenye benchi unatazama samaki wa kwenye tangi.

Ujinga wangu nao usikose kuusikia. Nilijiamulia kwamba kipimo cha damu ni lazima ufunge, basi sikula wala sikunywa hata tone tangu jana yake, na kazi nilifanya kama kawaida na lile bati la kibanda linalochoma utosini. Mpima damu, binti mpole mwenye mikono ya baridi, alihangaika kuutafuta mshipa, kisha akaniuliza ni nani aliyenikataza maji. Sindano yenyewe si kitu. Nimejichoma vibaya zaidi nikishona soli.

Majibu yalikuja kwenye simu jioni, na kreatinini imewekewa alama nyekundu. Huo, nimekuja kuelewa, ni uchafu unaotoka kwenye misuli, na figo ndizo huusafisha kwenye damu. Ukizidi, huenda figo hazichuji vizuri. Nilikaa kitandani naitazama simu. Niliogopa, mdogo wangu, sikufichi. Nilimfikiria mama, nikawaza ni nani atakayemfunga bandeji ya goti. Nilipika, tukala, nikaosha vyombo.

Daktari wa zahanati ndiye aliyenirudishia roho mahali pake. Alisema kipimo kimoja hakitoshi, tena cha mtu aliyejikausha vile. Akanipima mkojo na presha, akanikataza vile vidonge vya maumivu maana navyo huumiza figo, na baada ya muda akanirudisha maabara nikiwa nimekunywa maji kama binadamu wengine. Mara hii majibu yalikuja mazuri. Ametaka nirudie tena baada ya miezi michache, nami nitarudi.

Sasa wewe. Tulipoongea mara ya mwisho ulisema unachoka sana, ukasingizia zamu za ghala. Inawezekana. Labda ni zamu kweli, na mashavu ni chakula, na mimi ni dada mwenye hofu zake. Lakini kwenye picha umevaa vile viatu vyeusi nilivyokushonea ulipoondoka. Miguu yako niliipima kwa mkono wangu, ukicheka unatekenyeka. Mama na wageni wake wanatazama uso, mimi nilikuwa natazama kazi yangu. Kamba umezitoa kabisa, ulimi wa kiatu umetoka nje, na kisigino umekikanyaga ukavigeuza ndala. Ngozi ile niliichagua mwenyewe. Haijasinyaa.

Nenda ukapime, wiki hii hii. Damu, mkojo na presha. Ukipata maabara ya kulipia, nenda. Ukipata hospitali, nenda. Ukiona miguu au uso unazidi kuvimba, usingoje hata wiki. Na majibu usiyasome peke yako kitandani kama mimi, mpelekee daktari. Usiogope kunitia wasiwasi, wasiwasi ninao tayari. Ninachoogopa ni mzaha wako. Baba naye alikuwa na mzaha.

Mama anakusalimu sana. Hajui ninachokuandikia, mwache afurahie picha yake kwanza. Shangazi mwalimu anauliza kama bado unakoroma. Mjomba kinyozi ameitazama picha akasema huyo aliyekunyoa hakutakii mema. Wote wamekukumbuka kwa dua.

Mungu akulinde ndani na nje, akurudishe kwetu ukiwa unatembea kwa miguu yako.

Ukijibu, usinitumie picha ya uso. Uso tumeshauona. Vua viatu, unitumie ya miguu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, mzaha kando,
Fundi