Anayemtembeza Babu Yako

Neema, mjukuu wangu,

Nakusalimu kutoka Goma. Sisi tuko salama, mvua imerudi, na mama yako bado anauza samaki sokoni Kituku. Uliniuliza kwa nini nakunja uso kila Mama Zawadi anapokuja kumfanyisha babu yako mazoezi ya ule ugonjwa wa kutetemeka, Parkinson.

Ni wivu, mjukuu wangu. Babu yako akifika mlangoni, miguu inaganda. Mimi nikimvuta mkono, anataka kuanguka. Mama Zawadi anapiga makofi tu: "Moja, mbili, papa, inua muguu!" Muzee anavuka akicheka, na mimi nabaki na fimbo yake mkononi.

Wivu huo ninaujua tangu nikiwa msichana kwetu Kiwanja. Nilikuwa nikitwanga sombe, majani ya muhogo, na binamu yangu mrembo, na kijana mmoja alikuwa akisimama kwenye ua wetu kila jioni. Niliamini anamfuata yeye. Siku binamu alipokuwa safarini nilitwanga peke yangu, kwa hasira, na kijana akaja vilevile. Huyo ndiye babu yako.

Jana nilikuwa jikoni natwanga, nikasikia hatua za babu yako zikifuata mdundo wa mchi wangu. Alikuwa amevuka mlango peke yake.

"Mama, usiache," aliniambia. "Acha nikishafika."

Nilitwanga mpaka sombe ikawa uji. Mama Zawadi akija Jumatatu nitamwonyesha, kwa sababu kazi yake ni nzuri. Lakini mchi nitaushika mimi.

Bibi yako anayekupenda