Samaki Niliyeuziwa Ale Konokono

Shoga, uko wapi? Nimejifungia chooni hapa kazini, kliniki ya meno, nina hasira hizo!

Unawakumbuka wale konokono waliojaa kwenye tangi la samaki pale mapokezi? Jana muuza samaki wa mapambo kaniuzia samaki mmoja mwenye madoa. Akaapa kabisa, "Dada, huyu atawamaliza wote." Atawamaliza!

Leo nafungua mlango, konokono wako palepale, wameganda kwenye kioo hadi juu. Samaki wa daktari ndio hawapo. HAWAPO! Hata Bibi, yule samaki mkongwe ambaye daktari aliachiwa na marehemu mkewe. Na lile dude la madoa, tumbo kama mtungi.

Daktari kaingia, kainama kwenye kioo kama kawaida yake. "Bibi yuko wapi?" Shoga, nilikimbilia huku kumpigia simu yule muuzaji mwongo.

Unajua kanijibu nini? "Dada, huyo hula konokono akikosa samaki."

Akikosa samaki!! Si ungesema jana, mshenzi wewe?

Haya, samaki sasa kawakosa. Konokono bado hawagusi.

Na hapa namsikia daktari anagonga kioo kwa kidole, taratibu, anamwita. "Bibi. Bibi."